Tangi Lililojazwa Hewa

Nyinyi jirani zangu wa Bondeni, mnaopita mbele ya nyumba ya Ernestine Michaud na kushusha sauti, mwisho wa kisa chake mnaujua. Leo tulieni niwaeleze mwanzo wake.

Asubuhi moja ya Januari Ernestine alikuwa jikoni akipika ploi, zile chapati zetu za unga wenye rangi ya manjano. Mumewe Onésime alikuwa amejikalia mezani, kisu cha siagi mkononi.

"Hiyo inaungua, mama."

"Wewe kazi yako kula. Upishi niachie."

Onésime akacheka, kicheko kikaishia kikohozi. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimemla mapafu. Nje theluji ilikuwa imefika dirishani, lakini jikoni kulikuwa na joto la kuvulia sweta. Mara hita ikakoroma chini ya sakafu, ikanyamaza.

"Imezima," Onésime akasema.

"Haiwezekani. Gerald kaja juzi tu kujaza!"

Gerald Daigle ndiye aliyekuwa muuza mafuta wa mji, mtoto wa dada yake Onésime, aliyezoea kumwita Ernestine shangazi. Vuli ile wazee hawa, pensheni ilipowapiga chenga, waliomba msaada wa serikali wa kupasha nyumba joto. Msaada huo mwombaji haupati mkononi. Ofisi humlipa muuza mafuta, naye huyaleta hadi nyumbani. Onésime alikubali kwa sharti moja: watu wasijue. "Nimekula jasho langu maisha yangu yote," alisema. "Sitaki kunyooshewa kidole kanisani."

Ernestine akatoka kutazama tangi. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala chini kabisa. Akampigia Gerald simu.

"Eh, shangazi! Mnaacha madirisha wazi? Au mnawapasha joto na kulungu wa msituni?"

"Gerald, tangi ni tupu. Mjomba wako mgonjwa."

"Mimi nililijaza. Shida ya mafuta ya bure ni kwamba huchomwa bure. Kama unataka kunishtaki ofisini, nenda. Ila ujue mji mzima utasikia mnaishi kwa msaada. Mjomba atafurahi?"

Ernestine akaweka simu chini. Hapo, jamani, ndipo mwizi alipomfunga kamba, na kamba yenyewe ilikuwa aibu.

Wakahamia jikoni. Wakafunika mlango kwa mazulia, wakawasha jiko la umeme na kuacha mlango wa oveni wazi. Baridi ikapenya hivyo hivyo, ikamkuta Onésime kifuani, mahali penye udhaifu wake. Alipofikishwa hospitali midomo ilikuwa imegeuka buluu. Hakurudi.

Kwenye msiba Gerald alifika na paja zima la nguruwe lililookwa. Alimkumbatia mjane mbele ya padri na kusema kwa sauti ya kusikika: "Shangazi, ukipungukiwa na lolote, mimi ni mwanao."

Wiki iliyofuata lori lake likaja tena. Ernestine alisimama nyuma ya pazia akitazama. Gerald akaburuta mpira wa mafuta hadi kwenye tangi, mashine ikanguruma, yeye akipiga mluzi, kisha akaondoka. Ernestine akatoka. Mshale ulikuwa umeinuka kidogo tu. Akaligonga tangi kwa mwiko: juu likalia kama ngoma, katikati likalia kama ngoma, ndani hewa tupu. Akainua macho barabarani. Lori lilikuwa linakata kona ya ziwani, kwenye nyumba za mapumziko za matajiri wa Boston wanaolipa taslimu.

Hakulia. Mnajua kwetu ardhi haichimbiki wakati wa baridi. Onésime alikuwa bado hajazikwa, jeneza limelazwa katika kile kibanda cha mawe cha makaburini, likingoja theluji iyeyuke. Hata alipokwisha kufa, mume wake alikuwa bado kwenye baridi! Wazo hilo lilimchoma Ernestine hadi akawa hali wala halali. Alimwona Gerald katika kila kitu. Akawa anamtamkia maneno peke yake jikoni: "Utatetemeka. Haki ya Mungu wangu, utatetemeka."

Jumamosi ilipofika, mji mzima, Gerald naye, ulikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kwa karamu ya maharage. Ernestine hakwenda. Alipanda kilima hadi nyumba kubwa ya Gerald, akazunguka nyuma kwenye tangi lake. Akavua glavu apate kushika vizuri, akafunga koki ya mafuta. Kabla ya chakula kwisha, hita ingekata roho, mabomba ya maji yangeganda na kupasuka, na mazulia ya Gerald yangeogelea. Ernestine akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Alipogeuka, akaona taa kwenye dirisha la nyuma. Bibi Philomène, mama yake Gerald na dada mkubwa wa Onésime, alikuwa ndani peke yake, amejikunja kwenye kiti cha magurudumu.

Semeni mnavyotaka, lakini Ernestine hakurudi pale pale. Alitembea hadi barabarani. *Mwanawe alimhurumia nani?* alijiuliza. Kisha akamwona kichwani yule bibi akihema kama alivyohema Onésime, miguu ikamrudisha yenyewe. Akashika koki kwa mkono mtupu uliolowa theluji, chuma kilichoganda kikang'ang'ania ngozi. Alipoifungua, ngozi ya kiganja ilibaki pale.

Dirisha likagongwa. "Ernestine! Unatafuta nini kwenye tangi letu? Ingia ndani, utaganda!"

Akaingia, damu ikimdondoka, akasema yote: tangi, simu, lori la ziwani, koki. Bibi Philomène alisikiliza bila kupepesa.

"Kumbe mdogo wangu amekufa kwa baridi," akasema. "Na mimi nimekaa hapa natoka jasho."

"Nisamehe, wifi. Nilitaka kumgandisha."

"Mgandishe. Ila si gizani kama mwizi mwenzake. Niletee koti."

Gerald alikuwa amevaa aproni, akigawa maharage na mizaha, mlango wa ukumbi ulipofunguka. Ernestine alikuwa anasukuma kiti, mkono umefungwa kitambaa.

"Mama! Nani kakutoa nje na baridi hii?"

"Baridi unaijua wewe?" Bibi Philomène akauliza. "Mafuta ya mjomba wako umempelekea nani?"

Vijiko vikasimama. Gerald akacheka. "Mama amezeeka, msimsikilize. Na huyu shangazi anaishi kwa..."

"Kwa msaada!" Ernestine akamkata. "Sema kwa sauti, wasikie. Ninapokea msaada wa joto. Mume wangu alikufa akificha jambo hilo. Nani mwingine hapa tangi lake linalia kama ngoma?"

Kisha mwalimu mstaafu wa meza ya mbele akainua mkono huku akitazama sahani. Akafuata mjane wa seremala. Akafuata kijana mwenye mapacha. Mikono ikaota ukumbini, na kila mmoja alikuwa akidhani yuko peke yake. Gerald alibaki na upawa mkononi, maharage yakimdondokea viatuni.

Wakaguzi walikuja, kesi ikasikilizwa, malori ya Gerald yakauzwa. Siku ya hukumu Gerald alimgeukia Ernestine akilia: "Shangazi, niombee kwa hakimu. Mimi ni damu yenu."

Hakimu akamwuliza Ernestine kama ana la kusema. Akasimama.

"Siku ile ya mwisho Onésime aliniomba nimpashe miguu," alisema. "Niliiweka tumboni mwangu, haikupata joto. Sina ombi lolote kwa ajili ya mtu huyu."

Akakaa. Gerald akapelekwa gerezani.

Funzo la kisa hiki

Ndugu zangu, anayeiba joto la maskini anaiba pumzi yake, na Mungu hatamwita mfanyabiashara. Lakini mwizi huyu alifuga mali yake kwenye banda la aibu yetu. Msaada ni haki yako; uombe mchana, na ukipunjwa, piga kelele mchana. Na wewe mwenye kisasi moyoni, kumbuka koki ile. Kama Ernestine angeiacha imefungwa, leo Bibi Philomène angekuwa kaburini, Gerald ndiye angekuwa anapewa pole, na Ernestine ndiye angekuwa gerezani.