Nani Alikunywa Chai ya Mugambi?

"Marthe, wageni wako njiani. Wewe uko wapi?"

"Niko kwangu, tonton. Taxi haziko. Neige iko inaanguka."

"Najua inaanguka, mi niko na macho. Watatoka Pretoria polepole, lakini watafika. Vaa vizuri, tafuta njia uje Yeoville. Bakwe hawarudishwi juu ya baridi."

Mjomba akakata simu. Marthe akaitupa kitandani, akarudi dirishani. Theluji ya Johannesburg ni mgeni wa baada ya miaka mingi, na siku ikija watu wanaacha kazi waione. Mtaa wake wote wa Joubert Park ulikuwa barazani, wamejifunga mablanketi, wanapigana picha. Yeye peke yake hakuwa na hamu ya picha.

Alikuwa amepika chai tangu asubuhi, na hakuna iliyomtuliza. Alianza na rooibos, majani mekundu ya dukani, akanywa nusu, akamwaga. Akachemsha mchaichai ambao mama yake aliukausha kule Bukavu. Harufu ikajaa chumba kizima, ikamkumbusha nyumbani, lakini roho ikabaki juu juu. Katika kabati kulikuwa na majani mengine, ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa cha maua. Hayo leo hakutaka hata kuyatazama.

Jioni hiyo watu wa Firmin walikuwa wanakuja kwa mjomba wake, mzee Bakiri, na vinywaji na bahasha, kumposa. Firmin aliuza vitenge, alisali naye kanisa moja, na hakuwa na neno baya na mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu. Hakuwa Mugambi.

Mugambi alikuwa Mkenya, mhadhiri kule Braamfontein. Walipendana watu wakaona. Pasaka alikwenda kumwona mjomba, na tangu siku hiyo akanyamaza. Hakuna posa, hakuna tarehe, ni "habari ya kazi" na "lala salama." Marthe, msusi mwenye mdomo wa kumtuliza mteja yeyote, alishindwa kumwuliza swali moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nani anawasikiliza wahenga moyo ukishauma?

Asubuhi ile alimtumia meseji: *Leo watu wa Firmin wanakuja kwa tonton kwa ajili yangu. Nilitaka usikie kwangu, si kwa watu.*

Hakujibiwa. Sasa mlango ulikuwa unagongwa.

Alikuwa Mugambi, theluji mabegani, viatu vya darasani vimelowa chapachapa.

"Umetembea na miguu?"

"Basi zimesimama. Nimeanguka pale kwa robot, kwenye taa za barabarani, watu wakanicheka."

"Ju ya nini umekuja?"

"Unanitumia meseji kama hiyo, halafu unaniuliza nimekujia nini?"

"Ingia. Utakufa na baridi."

Akamvua koti, akawasha jiko la gesi, akatia maji kwenye sufuria. Kwa mazoea mikono yake ikaenda kabatini ikatoa mfuko wa maua. Alipogeuka, Mugambi alikuwa ameukodolea macho.

"Hayo majani umeyatoa wapi?"

"Tonton alinipa."

"Lini?"

"Siku ile ulienda kwake. Ulitoka tu, akaniambia, beba hii."

Mugambi akaketi kwenye kiti cha jikoni.

"Basi alinikataa siku ileile. Na mimi nimekaa nikingoja jibu tangu Pasaka."

"Jibu ya nini?"

"Ya posa, Marthe."

"Posa gani? Ulienda kusalimia. Ulibeba chai na sukari kama mtu anaenda kuona mugonjwa."

"Kwetu hivyo ndivyo mtu hubisha hodi. Mara ya kwanza kwa wazazi wa msichana unabeba majani na sukari. Mama ndiye alishona huo mfuko. Majani ni ya kiwanda chetu kule Meru, sisi wenyewe tunapeleka chai huko. Aliniambia, wakiyapika wakanywa, wamekukubali, ngoja uitwe. Wakimpa mtu mwingine, mlango umefungwa, na usirudi kugonga kama mtu hana adabu."

Marthe akaweka sufuria chini.

"Mugambi. Kwetu mwanaume anakuja na wakubwa wake. Anabeba vinywaji na enveloppe, anasimama mbele ya watu anasema, nimeona ua kwenu. Ile siku tonton alikaa anangojea useme. Ukaongea habari ya mvua, ukaaga. Akaniambia, huyu Mukenya anaona hatuna chakula. Aliumia kabisa."

"Mimi nilidhani chai imesema."

"Chai haina mdomo."

"Si ungeniuliza?"

"Na wewe si ungesema?"

Marthe alihisi kucheka na kulia vikimjia pamoja, akauma mdomo. Miezi yote hiyo amelia usiku kwa mwanaume ambaye naye alikuwa ameketi na simu mkononi akingoja kuitwa.

Simu ikalia. Mjomba.

"Marthe, Firmin anasema wamesimama garage ya petroli wazee wapate joto. Wewe umetoka?"

Mugambi akanyoosha mkono. Marthe akasita, kisha akaweka spika, akampa simu.

"Mzee, ni Mugambi."

"Mwalimu wa chai," mzee Bakiri akasema.

"Ndiyo, mzee. Naomba unisikize kidogo tu."

Akaeleza yote, kuanzia majani hadi adabu ya kungoja. Alipomaliza, mzee alikohoa.

"Unasema ile sukari ilikuwa posa?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile sukari tulimaliza yote."

Marthe akajiziba mdomo.

"Sikia, bwana. Mi nilikungojea, wewe ulikuwa unaningojea. Sisi wote ni wajinga. Lakini niko na watu kwenye barabara, na niliwapa neno langu." Akashusha pumzi. "Marthe, uko unasikia? Kwetu binti anaulizwa mbele ya watu. Mi nakuuliza sasa, kwa simu, juu sitaki aibu mbele ya wageni. Vinywaji vya Firmin, tupokee?"

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele. Marthe aliwaza vitenge, aliwaza kanisa zima litakalomsema, akawaza miaka ya kuishi na mtu mwema ambaye yeye hampendi.

"Apana, tonton."

"Na huyu? Alileta chai, mi niliitoa. Kwa desturi yake mwenyewe, tulimukatalia."

Marthe akautazama ule mfuko wa maua. Ulikuwa umebaki na majani ya kujaza kiganja tu.

"Tonton, chai yake ilikunywewa. Mi njo niliikunywa. Kila asubuhi, tangu ulinipa."

Mugambi akainamisha kichwa, akalia waziwazi jikoni kwa watu.

"Bon," mzee akasema. "Basi atume wakubwa wake. Na awaambie wabebe vinywaji, sukari tunanunua wenyewe. Na Firmin, nani atamwambia?"

"Mi mwenyewe."

Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga. Firmin alipokea upesi.

"Marthe, tumekwama kidogo, lakini tutafika."

"Firmin, usifike. Nisamehe. Moyo wangu uko kwingine, na ningekudanganya."

Magari yalisikika yakipita kwenye maji.

"Mi nilijua," akasema.

"Ulijua namna gani?"

"Kila dimanche tukitoka kanisa, nikikuja kwako ulinipa rooibos. Ile ya mufuko ya maua hukunipa hata siku moja. Niliomba mara moja, ukasema imeisha, na nilikuwa naiona pale."

Machozi yakamtoka Marthe, safari hii kwa ajili ya Firmin.

"Usilie. Na usiwapigie wazee, nitawarudisha mi mwenyewe. Nitawaambia ni neige."

Akakata.

Marthe alipotoka, Mugambi alikuwa amemwaga yale maji, ameweka maziwa na maji pamoja kwenye sufuria kama wanavyopika kwao, na majani yote yaliyobaki. Chai ikapanda, akaipunguzia moto. Akamimina vikombe viwili, akampa chake kwanza.

"Amesema nini?"

"Atasema ni neige."

Wakasimama dirishani wakinywa, na huko chini theluji ilikuwa imeanza kuwa matope.