Gundi ya Viatu Kinywani mwa Mzee Nyangau

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa, na mzee Nyangau wa Nyakoe ameshapanda nyuma, kitabu cha nyimbo kwapani, safari ya makambi, mkutano wa kanisa wa mahemani, kule Mosocho. Mkewe Gesare akamfuata hadi barabarani na ndizi mbivu mbili.

"Baba Abner, shika hizi."

"Nimefunga."

"Wiki ya pili sasa. Hata Mungu ameanza kushangaa."

Mwenye pikipiki akacheka. Nyangau hakucheka, maana kucheka kuliuma.

Ndugu zangu, mzee hakuwa amefunga. Mwezi uliopita alitafuna mahindi ya kuchoma, meno yake ya bandia ya juu yakapata ufa. Fundi wa meno yuko Kisii mjini, lakini makambi yalikaribia, na yeye ndiye besi wa kuimba peke yake siku ya Sabato. Akaona njia ya mkato: Calvince, fundi viatu wa sokoni.

"Mzee, mimi ni daktari wa soli," Calvince alimwambia. "Haya nikiyatengeneza yatadai rangi ya viatu."

"Paka gundi, wacha maneno."

Gundi ikashika. Ila tangu siku hiyo Nyangau hakuyavua kabisa, hata akilala, akihofia yatamkatikia mkononi. Kaakaa likaanza kuwaka moto. Ugali wa wimbi ukamshinda, chai ikamshinda, akaishi kwa maziwa baridi. Alipokataa chakula kanisani, watu walidhani anafunga na kuomba, naye kwa aibu akaitikia. Wakamsifu. Wanakwaya wawili wakaanza kufunga pamoja naye, maskini.

Ijumaa, kwenye mazoezi, alifungua kinywa kutoa sauti ya chini, kaakaa likamchoma, sauti ikatoka kama mlio wa mlango mbovu.

"Ikiwa hivi kesho, tutaweka mwingine," mwalimu wa kwaya akasema.

Hapo ndipo alipojikokota hadi hema la afya, ambako Emily, daktari wa meno, alikuwa akipima watu bure.

"Toa meno, baba."

"Hayatoki."

"Yalipoingilia ndipo yatakapotokea."

Yalitoka. Kaakaa lilikuwa jekundu kama nyanya, lina utando mweupe. Emily akayanusa meno.

"Hii ni gundi ya nini?"

"Ya viatu."

"Na sukari unayo?"

"Ninayo."

Emily akamweleza pole pole. Kuvu ilijificha kwenye ufa na gundi, mahali mswaki haufiki. Meno yasiyovuliwa yaliifunika kama blanketi. Kisukari nacho kilikuwa kimedhoofisha kinga ya mwili. Akampa dawa, akayazuia meno.

"Sasa kesho nitaimba na nini?"

"Koo lako ni zima. Imba nalo."

Sabato ikafika. Nyangau akasimama bila meno ya juu, akasema, "Mimi sikufunga, ndugu. Nilikuwa na gundi." Watu wakacheka, isipokuwa wale wanakwaya wawili. Kisha akaimba. Maneno mengine yalipeperuka na upepo, lakini besi ilishuka mpaka mabenchi yakaitikia.

Funzo

Meno ya bandia si kiatu. Yakipasuka, yarudishe kwa fundi wa meno. Yavue kila usiku, yasugue, yalaze kwenye maji safi. Na ukiumwa, sema. Usifanye ugonjwa kuwa utakatifu.

Nyangau alipona, akatengenezewa meno mapya mjini. Gesare humwekea kikombe cha maji kando ya kitanda. Emily alienda makambi mengine. Calvince sasa anashona viatu tu. Wale wanakwaya wawili walikula mchana ule ule wa Sabato.