Safari ya Kutokwenda Popote

— Madamu, mahali imejaa.

Djamali alisema hivyo akiwa ameinama anafunga kamba, macho yake kwenye fundo. Léontine alisimama kwenye mchanga wa Nyangwe, mfuko begani, vumbi la siku mbili juu ya moto, pikipiki ya kukodi, bado kwenye nywele zake. Akaangalia viti. Vilikuwa vinane. Watu walikuwa watano.

— Naona viti tatu haina mutu.

— Iko ya watu wanaokuja.

— Basi mimi ni mumoja wao. Nimekuja.

Hakungoja jibu. Alivua viatu, akavishika kwa mkono mmoja, akakanyaga maji na kupanda.

Chombo chenyewe kilikuwa mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa ubavu kwa ubavu, na mbao pana zimelazwa juu yake. Siku za kazi Djamali alivushia pikipiki na magunia ya mchele hadi ng'ambo ya mto Lualaba. Jumamosi na Jumapili za kiangazi aliziosha mbao, akapanga viti vya fito, akafunga turubai la bluu, akawapeleka watu hadi kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto kuangalia jua likizama. Daktari mmoja aliyepita huko alisema boti ya namna hiyo inaitwa katamarani, na kwamba kuna watu wanaopanda ndege kwenda kuitafuta mbali. Jina likabaki. Hata mabibi arusi wa mji wa Kasongo siku hizi wanaidai katamarani kabla ya kudai keki.

Léontine alikuwa mwalimu wa darasa la sita huko Wamaza. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, binti mmoja, Emmanuella, na mume aliyemzika miaka minne iliyopita. Mwaka jana alikuja Kasongo kwa semina ya walimu, wakaletwa Nyangwe kuona mto, na Djamali ndiye aliyewavusha. Walianza kwa kuulizana habari kwa simu. Baadaye wakawa hawalali bila kuulizana. Djamali alikuwa peke yake tangu mke wake alipomwacha na kwenda Kindu, na alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwa Léontine maneno yalimtoka.

Halafu, wiki saba kabla ya siku hii, Djamali alinyamaza. Hakupiga wala hakupokea. Shule ilipofungwa, Léontine alitafuta moto na kuja kuuliza kwa mdomo wake.

Nyuma ya boti, kando ya mbabula, jiko la makaa, dada ya Djamali aitwaye Rehema alikuwa anageuza samaki.

— Ni weye mwalimu wa Wamaza?

— Ni mimi, dada.

— Na umekuja kutafuta nini tena, kisha ile ulimufanyia kaka yangu?

— Nilimufanyia nini?

Rehema akageuza samaki mwingine.

Injini iliwaka. Nyangwe ikaanza kurudi nyuma, na upepo ukaingia chini ya turubai. Maharusi wawili walikaa mbele wameshikana mikono. Karibu na Léontine alikaa mzee Placide, karani wa ofisi ya serikali ya teritwari, tumbo kubwa na shati iliyopigwa pasi.

— Mwalimu, ng'ambo unaenda kwa nani?

— Siendi ng'ambo. Naenda kuangalia jua, nirudi.

— Mutu anapanda mutumbwi kwenda mahali.

— Leo siendi mahali. Niko konje, napumzika.

Placide akacheka.

— Konje ya mwalimu wa Wamaza. Hiyo sijasikia.

— Sasa umesikia, baba. Nimefundisha miaka kumi na tisa. Nimezika bwana yangu. Sijakaa hata siku moja muchana bila kazi kwa mukono. Leo nitakaa, na yule ambaye inamuchoma, ageuze kichwa.

Placide hakucheka tena. Alimsogezea bakuli la karanga.

Simu ya Léontine ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Sylvestre, mdogo wa marehemu mume wake.

"Motari aliyekubeba amenieleza umepanda mutumbwi Nyangwe. Shuka kwenye huo mutumbwi. Familia imeshakaa, neno limekatwa. Utaolewa na mimi mwezi wa nane."

Léontine alisoma mara moja. Akaandika neno moja: "Sishuki." Akatuma.

Walipokaribia kisiwa, Djamali alizima injini. Ndiyo ilikuwa desturi yake, kuacha mto ubebe boti polepole huku jua likishuka nyuma ya miti ya ng'ambo. Maji yalikuwa ya rangi ya mawese. Maharusi walipiga picha. Léontine alisimama, akatembea juu ya mbao hadi nyuma alipokaa Djamali, akaketi mbele yake kwenye kisanduku cha samaki.

— Niambie hapa, mbele ya dada yako. Nilikukosea nini?

Djamali alifuta mikono yake kwa kitambaa.

— Mwalimu, usinifanye mutoto. Uliandika mwenyewe.

— Niliandika nini?

Alitoa simu, akatafuta, akampa. Léontine akasoma jina lake juu ya kioo, na chini yake:

"Djamali usinitafute tena. Nimekubali kuolewa na shemeji yangu. Mimi ni Mukristo, weye ni Mwislamu, ilikuwa muchezo tu. Usipige."

Alisoma tena, safari hii kama anavyosoma karatasi za wanafunzi walioigana. Alhamisi, tarehe kumi na mbili, saa nane na dakika kumi mchana.

— Alhamisi saa nane mimi niko darasani, alisema polepole. Simu yangu iko wapi, Alhamisi?

— Nitajuaje?

— Iko kwenye shaji. Wamaza yote inapeleka simu kwenye panneau moja ya jua. Na yule wa panneau ni Sylvestre. Anajua namba yangu ya siri, kwa sababu anasema bila namba hawezi kuona kama imejaa.

Rehema aliacha samaki.

— Na alipoutuma, aliufuta kwangu, nisiuone, Léontine aliendelea. Lakini kwako ulibaki.

Djamali alichukua simu, akaiangalia kama kitu alichookota njiani.

— Mwalimu…

— Ngoja. Bado sijamaliza na weye. Mwaka muzima tunaongea. Unajua nakula nini, unajua naota nini. Mistari minne inakuja, na unaiamini. Hukupiga hata mara moja kuuliza, "Léontine, ni weye?"

— Nilikuwa na haya.

— Haya ya nini?

— Ya kusikia ni kweli. Nilisema, huyu amesoma, mimi ninavusha moto za watu. Nikaona iko na akili, ile ujumbe.

Léontine alitaka kukasirika zaidi, lakini sauti ya Djamali ilikuwa imevunjika katikati. Akageuka, akapiga namba ya Sylvestre na kuweka sauti ya nje. Placide na maharusi waliacha kujifanya hawasikii.

— Umeshashuka? Sylvestre aliuliza.

— Niko katikati ya Lualaba. Shemeji, tarehe kumi na mbili ulimuandikia Djamali nini kwa simu yangu?

Ndani ya simu jogoo aliwika, huko Wamaza.

— Mama Emmanuella, hayo ni mambo ya kuongelea nyumbani.

— Ninauliza hapa.

— Sikuandika kitu.

— Iko mbele yangu. Saa nane na dakika kumi.

Sylvestre alivuta pumzi. Alipoongea tena, hakuficha kitu.

— Niliandika ile ambayo ungeandika mwenyewe kama ungekuwa na akili. Mujane wa kaka yangu ataenda kwa mutu wa mutumbwi? Mwislamu? Watu wa Wamaza watatuonaje? Niliokoa jina lako.

— Uliiba jina langu. Ndilo uliandika pale juu.

— Sikiliza. Ukirudi hapa bila kukubali, utaikuta nyumba imefungwa. Mutoto nitamuchukua mimi. Utabaki na hayo maji yako.

Yule bibi arusi alifunika mdomo kwa mkono. Léontine hakupaza sauti.

— Nyumba ni ya Emmanuella. Baba yake alimuachia, na karani wa teritwari iko hapa anasikia, atakueleza sheria kama hujui. Emmanuella ana miaka kumi na saba, muulize kama anachukuliwa. Na mimi, shemeji, nilipika chakula cha kaka yako miaka kumi na tatu, nikamuosha alipougua, nikavaa nyeusi mwaka muzima. Deni yangu kwenu iliisha pale kaburini. Sitaolewa na weye mwezi wa nane. Sitaolewa na weye mwezi wowote.

— Utajuta.

— Labda. Lakini nitajuta na mutu niliyemuchagua.

Akakata simu.

Boti ilikuwa imefika yenyewe kwenye mchanga wa kisiwa na kutulia. Jua liligusa miti. Rehema aliweka samaki mmoja mkubwa kwenye jani la ndizi, akaongeza pilipili, akamletea Léontine kabla ya wageni wote.

— Kula, dada. Nilikuwa nimekukasirikia wiki saba. Inatia njaa, hiyo hasira.

Djamali alishuka, akasimama ndani ya maji hadi magoti, uso wake usawa mmoja na uso wa Léontine aliyekaa juu ya mbao.

— Twende leo, alisema. Ukitaka, hutarudi Wamaza. Rehema ana chumba. Vitu vyako nitavifuata mimi.

— Hapana.

— Hapana?

— Sitaki kufichwa kwa chumba cha mutu. Mimi si kitu cha wizi. Baba yangu iko hai, yuko Kabambare. Anayeomba mukono wangu anauomba kwake, si kwa Sylvestre. Utakuja muchana, na dada yako, kila mutu akuone. Mimi nitabaki Mukristo, weye utabaki Mwislamu, na nitaendelea kufundisha. Ukiona ni nzito, sema sasa.

Djamali alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kujibu haraka.

— Ile ya kufundisha, utafundisha wapi?

— Nyangwe haina watoto?

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Léontine akala samaki wake hadi mifupa huku mto ukigeuka mwekundu, kisha zambarau. Hakuna aliyemwomba afanye kitu chochote.

Wiki tatu baadaye Djamali na Rehema walifika Kabambare, vumbi hadi kiunoni kwa sababu moto ilianguka mara mbili njiani. Sylvestre alikuwa ameshafika, na amemleta mama yake, mama Sidonie, ili amsaidie kukataa. Baba ya Léontine, mkulima aliyezoea kusikiliza kuliko kuongea, aliwaketisha wote uani.

Sylvestre aliongea kwanza, na kwa muda mrefu. Alisema juu ya dini, juu ya heshima, juu ya damu ya kaka yake. Alipomaliza, Djamali alisimama, akaweka simu yake juu ya meza.

— Sina maneno mengi. Baba asome hiyo.

Mzee hakuwa na miwani. Emmanuella, aliyekuja na mama yake, ndiye aliyesoma kwa sauti, na alipofika mwisho akamgeukia Sylvestre, baba yake mdogo.

— Baba mudogo, hii iliandikwa kwenye panneau yako?

— Wakubwa wanaongea.

— Mutoto amekuuliza, mama Sidonie alisema. Jibu.

Sylvestre aliisukuma simu mbali kwenye meza. Mama Sidonie alivuta kitenge chake vizuri mabegani.

— Mimi nililetwa hapa nikaambiwa Léontine alikukubali, kisha akageuka. Nimekaa kwenye moto siku nzima na magoti haya, kwa sababu ya uongo wako. Mwanangu alimupenda huyu mwanamuke. Hakumupenda ili umurithi kama shamba. Mimi, mama ya marehemu, namuachilia. Aende.

Baba ya Léontine alimwangalia binti yake.

— Huyu mutu wa mutumbwi, unamutaka?

— Namutaka, baba.

— Yeye ni Mwislamu.

— Najua, baba. Ndivyo alivyokuwa hata nilipomupenda.

Mzee alifukuza kuku waliopita kati yao. Kisha akamwita mke wake alete chakula, na akamwonyesha Djamali kiti kilicho upande wake wa kulia.

Ndoa ilifungwa Septemba, Kasongo, ofisi ya hali ya raia. Chumba kilijaa watu: walimu wa Wamaza, wavushaji wa Nyangwe, mzee Placide na shati yake ya pasi. Sylvestre naye alikuja, akasimama mlangoni, mikono kifuani. Afisa aliuliza kama kuna anayepinga.

Watu waligeuka kumwangalia Sylvestre. Djamali alishika ukingo wa meza. Léontine ndiye aliyegeuka mwili mzima, kitenge kipya kikichakacha.

— Kama iko mutu, aseme na mudomo yake mwenyewe, mbele yetu. Tutamungoja.

Wakangoja. Afisa aliweka kalamu chini, akaangalia saa. Sylvestre alifungua mdomo, akamwona mama yake kwenye benchi la mbele, akaufunga. Kisha akatoka, na wakasikia moto yake ikiwaka nje.

— Tuendelee, Léontine alisema.

Akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye kitabu kwa mwandiko wa mwalimu, herufi kubwa zilizonyooka, ili hata aliyekaa nyuma kabisa asome.