Nyange Amuuliza Mkewe

Mwanawema na mumewe Nyange ni wakulima wa muhogo huko Wingwi. Wana mtoto mmoja, Laila, wa miaka sita. Mwaka huu Mwanawema alipata mimba ya pili. Ilipofika miezi mitano, presha ilimpanda sana. Madaktari wakaona atakufa. Wakaitoa mimba ili kuokoa maisha yake.

Alirudi nyumbani hai, lakini hali yake haikuwa nzuri. Hakulala. Hakula. Kondeni hakwenda.

Nyange akatumiwa sauti kwenye simu. Mtu alisema: "Utafiti umethibitisha. Mwanamke aliyetolewa mimba hurukwa na akili." Nyange akaogopa. Akampeleka Laila kwa bibi yake, kisiwani Fundo.

Siku ya tatu akaja Bi Ummkulthum, muuguzi wa kituo cha afya.

"Laila yuko wapi?"

"Nimemuondoa, Bi. Naogopa mama yake asije akamdhuru."

"Amewahi kumdhuru?"

"Hata siku moja. Lakini utafiti umesema."

"Watafiti wenyewe wanabishana, mwanangu. Wapo waliokuta huzuni nyingi kwa wanawake hao. Wenzao wakawauliza: kabla ya hapo walikuwaje? Baadhi walikuwa na huzuni tangu zamani, au walitengwa na watu. Waliofuatilia wanawake kwa miaka mingi wamekuta wengi wao hawapati maradhi ya akili kwa sababu hiyo. Wapo wanaoumia sana, na hao wasaidiwe. Lakini utafiti haukumuuliza mkeo. Wewe umemuuliza?"

Nyange akamfungulia mlango. Bi Ummkulthum akaingia ndani.

"Mwanawema, nini kinakuuma?"

"Moyo, Bi. Yule wa tumboni wamemzika mimi nimelala spitali, hata uso sikumwona. Nikasema, ninaye Laila. Laila naye nimenyang'anywa. Hata nilipomzaa yeye nililia miezi mitatu. Sikumwambia mtu."

Nyange alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

"Huzuni si wazimu," alisema muuguzi. "Ila yako imekuwa nzito. Twende Chake Chake, ukaonane na daktari wa afya ya akili."

Kesho yake Nyange alikwenda Fundo kumchukua mtoto. Mwanawema akaanza kliniki. Alizungumza, akapewa na dawa. Siku nyengine alilia njia nzima. Mwezi wa tatu wa kliniki alianza kulala, akarudi kondeni.

Kila asubuhi Nyange humuuliza, "Umelalaje?" Kisha hukaa kitako, akamsikiliza mpaka amalize.