Ushahidi wa Mtani

Kipigamoyo kilikuwa kidogo kuliko punje ya korosho, nacho kilikaa kifuani mwa Mzee Kalinga kimya kimya, kikiusaidia moyo wake kusukuma damu. Hakikumtii daktari wala mwanawe. Kilimtii yeye tu, kupitia maneno ya siri aliyoyasajili kwenye Mnyororo, ule mtandao usio na ofisi wala bosi, ambao kumbukumbu zake hutunzwa na mashine za watu wote na hakuna awezaye kuzifuta.

Halafu kiharusi kikampokonya yale maneno.

Binti yake, Lusungu, alikuwa akizunguka sebuleni kwao Iringa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Moyo wa baba ulikuwa unachoka. Kipigamoyo kilitakiwa kuongezwa kasi wiki hiyohiyo, na kifua chake kisingehimili kisu tena. Kilichomuuma Lusungu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wahandisi wa Mnyororo, na ujanani alijisifu kila mahali kwamba hakuna mkubwa atakayeufungua kwa rushwa.

Njia ilibaki moja. Wadhamini watatu, aliowachagua mzee siku ya kujiandikisha, wazungumze na Msikilizaji, mashine inayotambua sauti na kunusa uongo. Wote wakimthibitisha, angepewa maneno mapya. Shangazi alishazungumza, na jirani pia. Alibaki Mzee Gama wa Songea, Mngoni, mtani wa baba tangu walipokuwa walimu wa shule moja.

"Tulia, mwanangu," Mzee Kalinga alisema kwa ulimi mzito. "Gama hawezi kuniangusha."

Sauti ya Msikilizaji, ikimpigia Gama kule Songea, ikajaa sebuleni. "Mzee Gama, unamfahamu Kalinga?"

"Mhehe yule? Namvumilia tu."

Lusungu akasimama ghafla. Yeye na wahandisi wenzake walipokuwa wakitunga maswali haya, hakuna aliyekumbuka kwamba nchi hii ina watani.

"Je, yuko hai?"

"Alishakufa zamani. Nimemzika mwenyewe, na ndugu zake wakamla mbwa matangani."

Gama hakucheka hata kidogo. Mtani anayeijua kazi yake hacheki, na mashine ilipoipima sauti ile haikukuta hofu wala hila.

"Baba Gama, nyamaza!" Lusungu alipiga kelele, ingawa alijua kwamba mdhamini haruhusiwi kusikia sauti ya mtu mwingine.

"Ushahidi wa kifo umepokelewa," Msikilizaji akasema. "Akaunti imefungwa moja kwa moja."

Hata mdhamini mmoja akitaja kifo, milango yote hufungwa, ili wezi wasitumie jina la marehemu. Sheria hiyo aliiandika Lusungu. Aliwapigia wahandisi wenzake, akawabembeleza, kisha akawatukana. Wote walimpa jibu alilowafundisha yeye, kwamba hakuna mwenye ufunguo.

Mzee Kalinga alisikiliza yote. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamshika bintiye mkono.

"Gama asijue. Umenisikia? Akijua, hatatania tena maisha yake yote."

Jumamosi Gama akatokea na shuka jeupe begani, akitangaza mlangoni kwamba amesikia kuna maiti ya Kihehe humu inayokula bure. Aliketi kitandani, akalipima shuka kwenye miguu ya rafiki yake, akalalamika kwamba Wahehe ni warefu kwa hasara. Mzee Kalinga alimdai mbuzi wa fidia, kwa pumzi fupi fupi, akipumzika kati ya neno na neno. Lusungu aliwaandalia chai. Alicheka palipotakiwa kucheka, huku akitamani kuvunja vikombe vyote.

Wakati wa kuaga, Gama alimvuta pembeni. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwanangu, mbona hali yake ni hii? Ile mashine yenu ilinisikia vizuri kweli?"

Lusungu aliinamisha macho, akaanza kulikunja lile shuka upya.

"Ilikusikia vizuri, baba."