Umeme Ulipokatika Katikati ya Kipimo

Kabla hapajapambazuka, kifuniko cha sufuria kiligongagonga jikoni, maji ya kumwogeshea mtoto yakichemka. Nilikuwa nimekuja mjini Abeokuta kwa binti yangu Morenike, kumwogesha mjukuu wangu Tiwalade na kumnyoosha viungo, kama tufanyavyo sisi mabibi. Mkwe wangu Kolawole, tumwitaye Kola, alikuwa ameshaniwekea kigoda karibu na beseni, maana anayajua magoti yangu.

Nilipomshika Tiwalade mkono, mtoto akapiga yowe. Vidole vyote vilikuwa vimevimba, vya mikono na vya miguu.

Hospitali wakampima damu, wakatuambia ana selimundu. Damu yake ni SS. Wenzangu mnajua maana yake: S moja hutoka kwa mama, nyingine kwa baba. Morenike ni AS, mwenye S moja isiyomwuguza, tunajua tangu anasoma. Ndiyo maana kanisa lilipodai vipimo kabla ya ndoa, nilifunga nikiomba Kola awe AA, asiye na S hata moja. Akapima kwenye maabara ya jirani na stendi, majibu yakaja AA. Tukapika, tukacheza.

Sasa Kola alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, akimtazama mkewe kama mtu asiyemjua.

"Mimi ni AA," alisema polepole. "Huyu mtoto S nyingine kaitoa wapi?"

Morenike alimvuta mtoto kifuani. Tulipofika nyumbani, Kola alimwambia mkewe afungashe nguo zake, akamtafute baba wa mtoto.

Nikajua mama yake akija ndiyo tumekwisha. Mama Kola anauza vitambaa vya adire sokoni, na ulimi wake unaogopwa. Alikuja, akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akampakata mtoto kwa uangalifu asimguse vidole.

"Paji hili ni la marehemu baba yako, labda ukamshtaki yeye," alimwambia. "Mkeo hatoki humu mpaka upimwe upya. Tena hospitali kubwa, nami nikiwa nimekaa palepale."

Kola akanung'unika kwamba alishapimwa.

"Basi utapimwa mpaka uchoke."

Majibu yakatoka AS. Wakarudia kwa damu nyingine, yakawa yaleyale. Kola alikaa chini sakafuni, mtu mzima na suruali yake ya kazini.

Tulikwenda wote kwa yule mwenye maabara, Bwana Sunmonu. Hakukana. Alitueleza kwamba damu huwekwa kwenye karatasi iliyolowa, umeme ukaisukuma taratibu hadi A na S zijitenge, kila moja na mstari wake. Siku ile umeme ulikatika katikati, jenereta haikuwa na mafuta, na wachumba walikuwa wamejaa mlangoni. Mistari ya Kola ilikuwa bado imelaliana. Yeye akaona mmoja, akaandika AA. Wala hakuwa ameweka pembeni damu ya mtu anayejulikana ni AS, ambayo ingemwonyesha kuwa kipimo hakijakamilika.

"Mlikuwa na haraka ya harusi, mama," alisema. "Sikutaka kuwaudhi."

Ndugu zangu, nilitegemea kukuta tapeli. Nilikuta kijana mpole, aliyetupa viti vyake vyote akabaki amesimama. Hilo ndilo lililonitisha.

Mama Kola akamuuliza, "Na wale wengine wa siku ile?"

Sunmonu akavuta daftari la siku ile, akaanza kuhesabu majina.

Kola alimwomba mkewe radhi mbele yetu sote, naye akapokea. Lakini mpaka leo, mumewe akianza kusema polepole kama siku ile kwenye korido, Morenike huacha alichoshika.

Funzo

Wazazi, msiwaharakishe wapimaji kwa sababu ya sherehe. Vijana wenu wapimwe mahali pawili tofauti, na muulize bila haya kama damu inayojulikana imewekwa pembeni. Nanyi wenye maabara, umeme ukikatika, anzeni upya. Kumwambia mtu "rudi kesho" ni wema. Na anayegundua amekosea, awatafute wote aliowapima, kabla hawajaanza kutiliana shaka vitandani.

Tiwalade sasa anaongea. Juzi alilazwa tena, mifupa ikimuuma, nikakaa naye nikimsugua miguu mpaka muda wa wageni ukaisha. Nilipoinuka alinishika kanga.

"Bibi, kesho uje tena."