Mkono Ambao Osborn Hakuupokea

Phiona alikutana na Osborn mpakani Busia, katikati ya malori na bodaboda, siku mchukuzi mmoja alipompita mbio na gunia la dagaa likaacha alama kwenye gauni lake la kitenge cha njano. Kijana mrefu wa upande wa Kenya, suti ya buluu imemkaa vizuri, akampa leso yake.

"Siste, hiyo pafyumu yako ni kali," akamtania.

"Ni mukene hiyo, dagaa wa Majanji, kwetu ziwani. Ndiyo marashi yetu."

Basi yakaanzia hapo. Simu asubuhi, simu jioni, mpenzi umekula, mpenzi umelala, mpaka wenzake Phiona chuoni Tororo wakamchoka.

Chuo hicho kikaandaa shindano. Wanafunzi wa biashara wa pande zote mbili wanapewa shida ya mfanyabiashara wa kweli, wanaitafutia dawa mbele ya majaji. Mwaka huu shida ilikuwa ya Mama Damalie, muuza samaki wa Majanji aliyekuwa anakimbiwa na wateja wake wa Kenya. Mama Damalie ndiye aliyemzaa Phiona. Osborn aliongoza timu ya Busia ya Kenya, na usiku na mchana alikuwa anauota ushindi. Phiona yeye alipewa kazi ya kukaribisha wageni.

"Kesho mama atakuwepo," alimwambia Osborn kwenye simu. "Umsalimie vizuri, swiiti. Nataka akupende."

"Usijali, malaika wangu."

Asijali? Kesho yake ukumbini, Mama Damalie, gauni lake la gomesi la zambarau linameremeta, alimnyooshea Osborn mkono. Osborn akarudi nyuma, mikono mgongoni, macho sakafuni. Mama alipomuuliza swali, akajibu huku anamtazama jaji mmoja. Watu wakaanza kunong'ona. Dawa ya timu yake ilikuwa nzuri kuliko zote, lakini majaji wakasema mtu asiyemtazama mteja wake hawezi kupewa ushindi. Wakawa wa pili.

Phiona alimkuta nje, mlima wa jiwe wa Tororo umesimama nyuma yake, naye amelegeza tai.

"Mama yangu ananuka samaki, siyo? Ndiyo maana umemnyima mkono."

"Phiona, wewe ni Msamia kama mimi. Kwa mila yetu mama mkwe anashikwa mkono, au anatazamwa usoni?"

"Mkwe gani? Hiyo ni ya mtu amepeleka wazee kwetu. Wewe umepeleka nani?"

"Bado sijapeleka. Lakini moyoni nimeshaamua. Leo ningemshika mkono, siku ya kuja kukuposa ningekuja na uso gani?"

Kumbe ule ushindi wote ameuacha uende kwa ajili yake. Phiona aliona aibu, na alimpenda kuliko jana. Akamfunga tai upya, taratibu.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama, sauti yake ile ya sokoni inasikika hata kwa Osborn.

"Yule kijana wa suti ya buluu amenikwepa mbele ya watu kama mkwe wangu. Ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Haya. Nimekuwa mama mkwe na hata kuku wa posa sijaona. Mwambie alete wazee Majanji Jumamosi. Kama haleti, arudi humu ndani anisalimie kama watu wengine."

Phiona aligeuka amwambie. Osborn alikuwa ameshashika simu, anampigia baba yake.